Maswali tunayoulizwa sana kuhusu kufundisha uraia, maadili na kuheshimiana shule ya msingi

Haya maswali yametoka kwa wazazi kwenye vikao, kwa walimu wenzangu na wengine wananipigia simu usiku kabisa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Naongelea zaidi Tanzania bara maana ndo niko darasani huku. Zanzibar wana mtaala wao wa msingi, na Kenya nimewagusa kidogo mbele huko.

Hili somo linaitwaje siku hizi? Kila mtu ana jina lake.

Inategemea we ulisoma lini. Wazee wetu waliosoma miaka ya sabini na themanini walikuwa na Siasa, iliyotokana na Azimio la Arusha na ile Elimu ya Kujitegemea aliyoandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na humo chama na nchi vilikuwa kitu kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992 Siasa ikakosa pa kukaa, ikaja Uraia. Baadae kuna kipindi tukawa na Haiba na Michezo, alafu ikaja Uraia na Maadili ambayo wazazi wengi wenye watoto wakubwa wanaijua kwa sababu imo kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia darasa la tatu. Walioingia la tatu mwaka huo ndo wanaenda nalo, waliowatangulia wanamalizia na Uraia na Maadili yao, kwahiyo usishangae nyumba moja kaka mtu ana daftari lenye jina hili na mdogo wake jina lingine, hamna aliyekosea hapo.

Wasiwasi wangu kwenye hili jipya ni mmoja tu. Historia na maadili vikikaa pamoja, mwalimu aliyechoka atakimbilia Majimaji ilianza 1905 ikaisha 1907, kwa sababu hiyo unaitungia swali dakika moja, na upande wa maadili utabaki kwenye jina la somo. Wakati hiyo hiyo Majimaji ukiifundisha vizuri imejaa maadili, makabila ambayo hayakuwa na jeshi moja wala mfalme mmoja yalikubaliana kusimama pamoja, waulize watoto waliwezaje kuaminiana.

Adabu si inatoka nyumbani? Shule inatafuta nini hapo?

Inatoka nyumbani ndiyo, sibishi. Lakini nyumbani mtoto anajifunza kuishi na watu anaowajua na wanaompenda hata akikosea. Darasani anakutana na mtoto wa kabila lingine, wa dini nyingine, asiye na viatu, mwenye begi jipya, anayenuka mkojo kwa sababu nyumbani kwao hali ni ngumu, na hakuna anayelazimika kumpenda mwenzake, ila inabidi wakae dawati moja watatu au wanne wagawane kitabu kimoja. Kuishi vizuri na mtu ambaye hukumchagua, hiyo nyumbani huwezi kuifundisha hata uwe mzazi bora namna gani. Shule ndo mahali pa kwanza mtoto anakutana na nchi yake.

Heshima si ndo shikamoo? Mbona mnaifanya ngumu?

Wengi tumekua hivyo, mtoto aamkie, apokee kwa mikono miwili, apishe kiti kwenye daladala, asijibizane na mkubwa. Sina ugomvi na hayo, shikamoo ibaki na wangu mimi wanaamkia. Shida inaanza pale heshima inapopanda tu haishuki. Mtoto anasema shikamoo mwalimu, mwalimu anapita kimya hata marahaba hamna, au akiwa darasani anamwita we kilaza, we kichwa maji, mbele ya watoto wote, na darasa linacheka kwa sababu mwalimu kacheka. Huyo mtoto ameshafundishwa kwamba heshima ni kodi, mdogo analipa mkubwa anakusanya, na yeye anasubiri zamu yake ya kukusanya. Ukienda kwenye bomba la maji saa nne utaona wa darasa la saba wanawasukuma wa la pili nje ya foleni, ujue ndo wameshaanza kukusanya.

Na hili sio maneno ya wazungu kama wengine wanavyodai. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, alafu inaendelea kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Haijasema kila mtu aliyefika umri fulani. Wazee waliopita TANU wanakumbuka ahadi ya kwanza kabisa ya mwanachama ilikuwa binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja.

Kwa vitendo naomba walimu wenzangu vitu vidogo tu. Itikia marahaba, na umwangalie aliyekuamkia. Jua majina yao, najua ni wengi, jifunze matano kwa siku. Na ukimsingizia mtoto mbele ya darasa alafu ukagundua hakuwa yeye, mwombe samahani mbele ya darasa hilo hilo, usimwite ofisini kumnong'oneza. Darasa zima litakuwa linakuangalia, hapo umefundisha kuliko vipindi vya mwezi mzima.

Sasa mtoto akishajua haki zake si atakuwa ananijibu nyumbani?

Hili ndo swali namba moja kwenye vikao vya wazazi, na kina baba ndo wanaongoza. Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo watu wanaiogopa, wengi hawajaisoma. Imempa mtoto haki ya jina, ya kutobaguliwa, ya kutoa maoni yake, sawa, lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu cha wajibu wa mtoto na humo imeandikwa kabisa awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa, awasaidie wanapohitaji, aitumikie jamii yake kulingana na umri na uwezo wake. Mwalimu anayefundisha haki akaruka wajibu hajamaliza kipindi. Na anayefundisha wajibu tu akaficha haki ndo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto asiyejua kwamba mwili wake ni wake akiguswa vibaya na mtu mzima atanyamaza kwa heshima. Mzazi hilo la mwisho lirudie kulisoma.

Kuhusu kujibu, kuna kujibu na kuna kujibu. Mtoto akisema "mama mi naona sio haki kila siku naosha vyombo peke yangu na kaka yupo" huyo hajakukosea adabu, amekuletea hoja. Mfundishe sauti na maneno ya kuileta.

Mtoto wa la kwanza na la pili anaelewa nini cha uraia jamani?

Anaelewa sana ila usimletee neno uraia wala demokrasia. Anaelewa zamu. Anaelewa foleni. Anaelewa kalamu ya mwenzie akiiokota airudishe. Anaelewa vizuri mno "sio haki", hilo neno wanalo kabla hata hawajajua kusoma, gawa maandazi manne kwa watoto watano uone kama hutasikia sio haki. Anzia hapo. Waache wao wagawe, wabishane, wakubaliane, we simama pembeni. Hadithi za Sungura na Fisi ziko za kutosha, tena ukimaliza usiwaambie fundisho ni nini, waulize Fisi alijisikiaje, maana watoto siku zote wanashangilia ujanja wa Sungura na hakuna anayemfikiria aliyedanganywa.

Viranja wachaguliwe na watoto au mwalimu ateue?

Wachaguliwe. Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndo moyo wangu ulipo.

Kila mtu aliyesoma shule zetu anajua orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, kiranja anasimama mbele na kikaratasi, anaandika majina, mwalimu akirudi walioandikwa wanakula kiboko. Sasa tazama kinachotokea katikati hapo. Kiranja ana rafiki zake hawaandikwi hata wakiimba. Kuna mtoto amemnyima embe jana, jina lake la kwanza na limepigwa mstari chini mara mbili. Mwingine anatoa ubuyu wa hamsini au barafu, jina linafutwa. Na aliyeandikwa hana pa kwenda kulalamika, mwalimu haulizi, anasoma karatasi anachapa. Huyo kiranja ana miaka kumi na ameshashika madaraka yasiyohojiwa, ameshapokea rushwa, na wenzake wameshajifunza kwamba mambo yanaenda kwa kujuana. Alafu kipindi kinachofuata tunafungua kitabu mada ya utawala bora, tunawaandikia ubaoni maana ya uwajibikaji wanakopi.

Ndo maana nasema kitu kimoja kwa kila anayeniuliza kuhusu somo hili, mtoto anajifunza uraia kutokana na shule inavyoendeshwa, kitabu kinakuja baadae. Kama uendeshaji unasema hivi na kitabu kinasema vile, mtoto ataamini uendeshaji, hajalala usingizi.

Kwahiyo fanya hivi. Wagombea wajieleze, hata dakika moja moja, waseme watafanya nini kuhusu maji, kuhusu usafi wa vyoo, kuhusu wadogo kuonewa. Kura ya siri, vikaratasi vinatosha, sanduku la chaki linatosha. Zihesabiwe mbele ya wote kwa sauti. Aliyeshindwa apewe nafasi aseme neno, ajifunze kushindwa bila kununa. Muhula ufupi ili wengine nao wapate. Na cha muhimu kuliko vyote, kuwe na siku ya kumuuliza kiranja maswali, na njia ya kumtoa akizingua. Hiyo orodha ya wapiga kelele mimi ningeifuta kabisa, kama darasa linapiga kelele mwalimu hayupo tuulize kwanini mwalimu hayupo.

Wengine wanasema watoto watachagua yule mchekeshaji au mwenye hela. Watachagua, mara ya kwanza. Vyoo vikishindikana kusafishwa wiki mbili wenyewe watajua walichofanya, na ni bora walijue hilo wakiwa na miaka kumi kuliko kulijua wakiwa na kumi na nane wana kadi ya mpiga kura mkononi.

Kwahiyo rushwa mnaifundisha kwa watoto wadogo hivi?

Ndiyo, na mfano ninao hapo juu, ubuyu. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wana klabu za wapinga rushwa mashuleni na wanafanya kazi na skauti pia, kama shule yenu haina waandikieni barua. Ila klabu bila mwalimu anayeijali inaishia kuimba ngonjera siku mgeni akija.

Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Mijadala nitaifanyaje?

Pole mwalimu, kweli pole. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto walikuja wengi, na ni jambo jema walikuja, ila madarasa na walimu havikukimbia kwa kasi hiyo. Mjadala wa darasa zima kwa watoto mia usiujaribu, wataongea wale sita wa mbele. Tumia dawati. Uliza swali moja tu, kwa mfano mwenzako amesahau daftari la mazoezi na anaomba karatasi kwako na zako zimebaki chache ufanyeje, waambie waongee dawati kwa dawati dakika tatu, kelele itakuwepo ivumilie, alafu ita madawati manne tu yaseme, kesho mengine. Andika kwenye daftari lako yapi yameshasema usije ukawa unaita wale wale. Na kuna kanuni moja kabla hujasema la kwako lazima uanze kusema mwenzako kasema nini, ukishindwa kurudia alichosema maana yake hukumsikiliza, unakaa. Mwanzoni wanaona ni mchezo na wanachekana. Waache, baada ya muda utawasikia wanasikilizana wenyewe.

Fimbo je? Bila fimbo hawa watoto hawaendi.

Nilijua itakuja. Kwanza sheria yenyewe, maana wengi wanachapa bila kuijua. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, anayetoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa niambie we mwalimu unayetembea na fimbo kwapani toka asubuhi, barua yako ya idhini iko wapi? Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001 na katiba yao ya 2010 ikaongezea uzito.

Pili, hata tukiacha sheria pembeni. Unafundisha kwamba ugomvi usuluhishwe kwa mazungumzo, na we mwenyewe ugomvi wako na mtoto aliyechelewa namba unaumaliza kwa fimbo bila kumuuliza kwanini kachelewa. Kuna anayechelewa kwa sababu anachota maji kwanza, kuna anayemuuguza bibi yake. Watoto wanakuona. Wanajua kabisa kwamba mazungumzo ni ya wasio na fimbo.

Najua mwalimu mwenzangu unauliza sasa nitumie nini. Aliyechafua asafishe alichochafua yeye mwenyewe. Aliyemtukana mwenzake amtafute, waongee, kuwe na mtu wa tatu. Aliyeharibu kitabu akigundishe. Adhabu iendane na kosa, mtoto aone uhusiano. Kuchimba kisiki kwa sababu umeongea darasani hakuna uhusiano wowote hapo, na tena inamfanya achukie jembe, alafu tunalalamika vijana hawapendi kilimo. Inachukua muda mrefu kuliko kiboko, hilo nakiri wazi, na kwa darasa la watoto mia muda ndo haupo. Ndo maana naona hii sio vita ya mwalimu peke yake, kamati ya shule na wazazi wakae wakubaliane taratibu, watoto nao waulizwe, ziandikwe zibandikwe ukutani.

Utani wa makabila ni sawa au ni ubaguzi?

Utani ni mali yetu. Wachaga na Wapare wanataniana hadi msibani na hakuna anayeondoka na kinyongo, na hiyo ni akili kubwa sana ya wazee, walijua majirani lazima wagombane wakatafuta njia ya kugombana kwa kucheka. Kwahiyo usiufute darasani, uelezee. Utani una pande mbili na wote wanajua wamo. Mtoto mmoja wa kabila fulani peke yake darasa zima na wenzake arobaini wanamwiga lafudhi yake kila akisoma kwa sauti, huo sio utani, hana wa kumsaidia kujibu. Kipimo changu ni rahisi, yeye anacheka au anaangalia chini.

Na dini? Darasa lina Waislamu na Wakristo, nisiguse?

Gusa. Vipindi vya dini vipo na kila mmoja anaenda kwa mwalimu wake, hiyo iko sawa, lakini wakirudi darasani wajue kidogo mwenzao anaamini nini. Ramadhani ni wakati mzuri, waliofunga waeleze kwa maneno yao kwanini wanafunga na wasiofunga waulize, utashangaa wengine wanaamua wenyewe kwenda kula maandazi mbali kidogo bila kuambiwa na mtu. Kwaresma nayo hivyo hivyo. Kinachokatazwa ni mwalimu kuonyesha dini ipi ndo bora, hata kwa utani, hata kwa uso. Uhuru wa kuabudu uko ibara ya 19 ya Katiba. Na shule inayopanga mtihani siku ya Idi au ya Pasaka kwa kutokuangalia kalenda, hilo nalo ni somo la maadili, tena baya.

Watoto wenye ulemavu na wenye ualbino, tunafundishaje wenzao?

Kwa kuwa nao. Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam wana watoto wasioona na wengine wenye mahitaji maalumu wanaosoma na wenzao miaka na miaka. Mtoto aliyekaa dawati moja na asiyeona, akamsomea ubao, akapigwa chenga na yeye kwenye hesabu za kichwa, huyo huhitaji kumpa hotuba.

Kwa mwenye ualbino anza na vitu vya kushikika. Macho yake mara nyingi hayaoni mbali, akae mbele, aruhusiwe kusogea ubaoni. Kofia na mikono mirefu sio ukaidi wa sare, ni kinga ya jua, na mstarini asubuhi asimamishwe kivulini. Waeleze wenzake kwa lugha rahisi kwamba ngozi yake haina rangi ile inayotukinga sisi na jua, amezaliwa hivyo, haiambukizi. Nchi hii imeona mambo mabaya sana kwa watu hawa kwa sababu ya imani za waganga, na wengi wa waliotenda walipita kwenye madarasa yetu. Lugha pia, kataza zeruzeru kabisa darasani, na waambie kwanini, usikataze tu.

Kwanini wasichana wanadeki na wavulana wanabeba madawati? Hilo nalo ni uraia?

Ndiyo. Ratiba ya usafi ipangwe kwa namba au kwa dawati, isipangwe kwa jinsia, basi limeisha. Na kiranja mkuu msichana asifanywe "msaidizi" kila mwaka.

Mwalimu akiongelea vyama na uchaguzi si anaingiza siasa darasani?

Kufundisha kura ni nini, bunge linafanya nini, diwani anashughulika na nini, serikali ya mtaa iko wapi na mwenyekiti wake anaitwa nani, hiyo ni kazi yake. Kusema chama gani kipigiwe kura sio kazi yake, wala kuvaa rangi zake, wala kupanga watoto barabarani waimbie mgombea. Mimi napenda kuanzia mtaani maana ndo karibu, mtoto anaweza kwenda kuona ofisi na kuuliza taka zinazolewa lini. Bunge liko mbali, taka ziko mlangoni kwao.

Mwanangu ana A ya Uraia na nyumbani anaiba hela ya mboga. Inakuwaje?

Inakuwa hivyo kwa sababu mtihani unapima kama anajua jibu, na maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Kila mtoto anajua kwamba ukiokota pochi unairudisha, hilo hata mwizi aliyekubuhu analijua. Kupima tabia kwa alama ni hatari pia, mtoto atajifunza kuigiza mbele ya mwalimu. Mi naona mwalimu awe na daftari dogo la kuandika anachokiona, fulani leo amempisha mwenzake, fulani ameomba msamaha bila kulazimishwa, alafu amwambie mzazi siku ya kikao. Wazazi wamezoea kuitwa shule kwa mabaya tu, siku mama akiitwa kuambiwa mwanao alimtetea mtoto aliyekuwa anachekwa, anaondoka hapo anatembea juu juu.

Ya hela ya mboga usisubiri shule dada yangu, kaa naye, airudishe kidogo kidogo kwenye hela yake ya maandazi.

Wakenya wanafanyaje? Nasikia wako mbele.

Wana namna yao. Mtaala wa umilisi walioueneza nchi nzima kuanzia 2019 umeweka maadili ndani ya kila somo, upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu, kwahiyo hata mwalimu wa hesabu anatakiwa kuonyesha ni lipi kati ya hayo analijenga kwenye kipindi chake. Wazo zuri sana hilo. Wasiwasi ni kwamba kitu kinachokuwa kila mahali kinaweza kikawa hakipo popote, mwalimu akajaza tu kwenye andalio la somo akaendelea na kugawanya. Sisi huku tuna somo lenyewe kwenye ratiba na wao wamelitawanya, kila mmoja angeweza kumwazima mwenzie kidogo.

Kwenye inglishi midiamu mtoto akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Hii ikoje?

Ikoje? Ni aibu, na naomba nisirembe. Unamwambia mtoto wa Kitanzania kwamba lugha ya mama yake ni kosa la kutembea nalo shingoni hadi ampate mwingine wa kumkamatisha, kwahiyo umemfundisha kuona aibu na umemfundisha kuchongea mwenzake, vyote kwa kibao kimoja. Kiingereza wanajifunza kwa kukiongea na kukisoma na mwalimu anayekijua. Mzazi unayelipa ada una haki ya kuuliza hilo kwenye kikao, na uulize kwa Kiswahili.

Mtoto wangu anaonewa na wenzake, anakataa kwenda shule. Nianzie wapi?

Anza kwa kumsikiliza yeye mpaka mwisho bila kumwambia "na we si uwapige". Alafu nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa na mambo kamili, nani, wapi, lini, usiende na "mnamwonea mwanangu". Usimkamate yule mtoto mwingine njiani ukamzaba vibao, unaharibu kila kitu na unaweza kujikuta polisi wewe. Mpe mwalimu wiki moja hivi. Pasipobadilika panda kwa mwalimu mkuu, alafu kamati ya shule, wajumbe wake ni wazazi wenzio unawajua, na baada ya hapo afisa elimu kata. Usianzie kwenye grupu la wasap la darasa, ukishataja jina la mtoto wa mtu humo hata ukifuta wameshapiga skrinshoti, na mzazi mwenzio hatakusikiliza tena hata ukiwa na haki.

Ila kama ni kipigo cha kuumiza au kuna mtu mzima anamgusa vibaya, hizo ngazi zote ziruke. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi kilicho karibu, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mkampime hospitali, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga kwahiyo aikariri.